Muulize Mama Mkaguzi: Fomu Inasema Sawa, Kinga Imefungwa kwa Waya

Mwezi huu barua nyingi zimeangukia jambo moja: ukaguzi wa mara kwa mara wa usalama na afya mahali pa kazi. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, maana ndani yake mna nusu ya maswali ya wengine.

Shikamoo Mama. Mimi ni msimamizi wa karakana ya useremala. Kila mwisho wa mwezi nakagua kwa fomu niliyoachiwa na mtangulizi wangu. Mwanzoni nilikuwa naandika kasoro mpaka nafasi inaisha. Siku hizi naweka tiki kuanzia juu hadi chini, kote "sawa", na namaliza upesi. Je, karakana imetengemaa, au macho yangu yamezoea?

Marahaba, mwanangu. Jibu unalo tayari, ulitaka tu kulisikia kwa mtu mwingine. Macho yamezoea. Karakana ya mbao haimalizi mwezi bila kitu kulegea, kuchakaa au kuhamishwa, na fomu isiyoona chochote miezi mfululizo ndiyo kasoro ya kwanza ya kuandika.

Iache mezani kwa mara moja. Nenda kwenye msumeno wa mviringo kazi ikiwa imechanganya, usiende asubuhi mashine zimelala. Simama pembeni utazame kinga inayofunika meno. Fomu yako inauliza "kinga ipo?", na kweli ipo. Lakini je, inashuka mbao inapopita, au imeinuliwa na kufungwa kwa waya ili isimsumbue fundi? Tazama na kijiti cha kusukumia mbao. Ukikikuta kinaning'inia ukutani, kipya, ncha yake haina hata kovu la msumeno na kimeshika vumbi, ujue kinachosukuma vile vipande vifupi ni vidole vya mtu.

Kisha zungumza na fundi mwenyewe. Usimuulize kama anatumia kinga. Atasema ndiyo, hata mimi ningesema ndiyo. Muulize: "Mbao ikikwama, unafanyaje?" Mwombe akuonyeshe, mashine ikiwa imezimwa. Watu wengi huumia wakati wa kukwamua, kusafisha na kubadilisha meno, saa ambazo mkaguzi mwenye fomu huwa yuko ofisini. Ukiona mkono wake unaenda kwenye swichi ya mashine peke yake, hapo pana kazi. Umeme ukatwe kwenye swichi kuu ya mashine hiyo, pawekwe kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule aliyeingiza mkono. Mwingine yeyote asiweze kuwasha.

Nenda kwenye mashine ya kunolea. Pana kiegemeo mbele ya jiwe, na nafasi kati yake na jiwe isizidi milimita 3. Jiwe hulika kadiri linavyotumika, kwa hiyo nafasi hiyo hupanuka yenyewe bila mtu kuigusa. Ikipanuka vya kutosha, patasi huvutwa chini, ikabana, na jiwe linaweza kupasuka likiwa linazunguka kwa kasi. Ndiyo maana nasema mwezi haupiti bure: wiki nne zilizopita uliandika "sawa" na ilikuwa kweli.

Sasa inua macho. Pitisha kidole juu ya boriti na juu ya taa. Vumbi laini la mbao linalotulia huko ndilo linaloingia puani, na tangu mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na mianzi yake. Tena likitimka kwa wingi hewani likakutana na cheche, hulipuka. Kwa hiyo ukimkuta kijana anasafisha kwa kupuliza upepo wa kompresa, msimamishe hapo hapo hata kama sakafu inang'aa. Kwenye fomu yako amepata tiki ya usafi, huku vumbi lote amelihamishia kwenye mapafu ya wenzake. Livutwe kwa mashine ya kufyonza, na chanzo chake kiwe na bomba la kulinyonya pale pale linapotoka.

Mtungi wa kuzimia moto nao usiupite kwa kuutazama tu. Sindano ya kipimo cha presha iko kwenye kijani? Pini ipo na lakiri haijakatwa? Mdomo wa bomba uko wazi? Nyigu wanaojenga kwa udongo wanaupenda sana mdomo huo, na wakishajenga, mtungi uliojaa vizuri hautatoa kitu. Ule wa kaboni dayoksaidi kwa kawaida hauna sindano. Huo hupimwa uzito. Halafu geuka: ukitaka kuufikia huku umejaa woga, utaruka rundo gani la mbao?

Baada ya hapo ndipo urudi kwenye fomu, uiandike upya. Kila "ipo?" igeuze iwe "inafanya kazi?", na ujibu kwa mkono: bonyeza kitufe cha kusimamisha cha dharura uone mashine inazima, sukuma mlango wa dharura uone unafunguka. Mwezi ujao anzia mwisho wa karakana badala ya mlangoni, au badilishana na msimamizi wa kitengo kingine. Yeye hajui kwamba ule waya "umekuwepo siku zote", na kutojua kwake ndiko unakokuhitaji.

Habari ya kazi, Mama. Mimi ni mjumbe wa kamati ya usalama upande wa wafanyakazi. Ukaguzi wetu hutangazwa wiki nzima kabla, na siku hiyo kila kitu kinang'aa. Kesho yake mambo yanarudi yalivyokuwa. Wenzangu wanataka tuwe tunashtukiza. Uongozi unasema kushtukiza ni kuviziana.

Njema, ndugu yangu. Fanyeni yote mawili, maana kila mmoja unaona lake. Ukaguzi uliotangazwa unawapa nafasi ya kuwaita fundi umeme na mtu wa stoo wawepo, na kufungua makabati yenye funguo. Ule wa kushtukiza unawaonyesha Jumatano ya kawaida. Zamu ya usiku msiisahau. Mara nyingi ndiyo yenye watu wachache na msimamizi mmoja anayelinda kona zote.

Lakini swali lako lina swali lingine ndani yake: kwa nini watu wanaficha? Wanaficha kwa sababu ukaguzi uliopita ulimletea mtu barua ya onyo. Mkikuta mfanyakazi hana miwani ya kukinga macho, msiandike jina lake. Andikeni kwamba kwenye kituo hicho watu hawavai miwani, kisha mtafute sababu. Mara nyingi utakuta zilizopo zimechubuka hata hazionyeshi, au zinajaa mvuke, au ziko kwenye kabati ambalo ufunguo wake anao mtu aliye likizo. Kwa njia hiyo mwezi unaofuata ataanza kuwaambia mwenyewe, pamoja na zile ajali zilizokoswakoswa ambazo hakuna fomu inayozinasa.

Na kama kamati, mkumbuke Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981. Ibara yake ya 19 inasema mfanyakazi akiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba pana hatari kubwa na ya papo kwa hapo kwa uhai au afya yake, amwarifu mara moja msimamizi wake, na mwajiri hawezi kumtaka arudi hapo mpaka arekebishe. Ibara ya 21 inaongeza kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Kwa hiyo anayekatwa mshahara kwa sababu ya glovu ana la kuuliza.

Mama Mkaguzi, kwa heshima zote. Namiliki kiwanda kidogo cha kushona. Wakaguzi wa serikali wamekuja, mteja wetu wa nje naye ameleta wake, na cheti ninacho ukutani. Kuna haja gani ya kukagua tena kila wiki?

Hongera kwa cheti, na asante kwa kuuliza wazi. Wengi huliwaza hilo bila kulisema. Septemba 2012 kiwanda cha nguo mjini Karachi, Pakistan, kiliungua, wakafa wafanyakazi zaidi ya 250. Wiki chache tu kabla ya hapo kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa cha mazingira mema ya kazi. Mahakama baadaye iliona kwamba moto uliwashwa makusudi, na hiyo ni kesi yake. Waliokuwa ndani walikuta madirisha yana nondo na njia za kutokea zimefungwa. Zaidi ya miaka mia moja kabla yake, tarehe 25 Machi 1911, kiwanda cha kushona cha Triangle mjini New York kiliua watu 146, na huko nako mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo.

Cheti kinasema mlango ulikuwaje siku ile mkaguzi alipopita. Mlango hufungwa siku yoyote, kwa sababu ambayo mfungaji anaiona ya maana kabisa: vitambaa vinaibwa, watoro wanatoka mapema. Kwa hiyo mlango wa dharura usisubiri hata ukaguzi wa wiki. Ukaguliwe kila siku kabla ya cherehani ya kwanza kuwashwa, na mtu ausukume ufunguke.

Vingine vina mwendo wake. Jiulize kitu hiki kinaweza kuharibika kwa haraka kiasi gani, na kikiharibika kitamfanya nini mtu. Foklifti, lile gari la kuinulia mizigo, hutazamwa breki, uma, minyororo na honi kila mwanzo wa zamu. Jukwaa la ujenzi hukaguliwa kabla ya kupandwa mara ya kwanza, baada ya dhoruba au kubadilishwa, na nchi kadhaa zinataka lisipitishe siku 7 bila kukaguliwa tena. Mitungi ya moto huangaliwa kila mwezi, na kila mwaka aitwe fundi wake. Sheria ya nchi yako ikitaka zaidi ya hapo, fuata sheria.

Sisi ni watu wa ofisini tu, kompyuta na karatasi. Tukague nini?

Anza chini ya meza. Ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni, birika la umeme limechomekwa mwisho wake, na plagi ina weusi pembeni. Hiyo plagi imeshaanza kuungua, mnasubiri tu imalize. Kisha ngazi za dharura, ambazo katika ofisi nyingi ndizo stoo ya pili: maboksi, viti vibovu, mapambo ya sherehe iliyopita. Fungua kabati la mafaili; droo za juu zikiwa zimejaa na za chini tupu, siku moja litamwinamia mtu. Halafu muulize anayekaa kwenye kompyuta kutwa shingo yake inamuuma upande gani. Kioo cha kompyuta kilipo utakijua bila hata kugeuka.

Inatosha kila miezi mitatu, isipokuwa hizo ngazi. Maboksi hurudi upesi.

Mama, mimi nakagua kwa moyo wote na naandika ripoti kila mwezi. Inapokelewa, inagongwa muhuri, basi. Kasoro zile zile naziandika tangu mwaka jana, kama hii: "Hali ya sakafu ghalani hairidhishi." Nimechoka.

Pole, mwanangu. Barua kama yako huwa inanikasirisha, na sikukasirikii wewe. Ila nisomee ulichoandika. Ulituambia kwamba kipengele kimoja kinasema: "Hali ya sakafu ghalani hairidhishi." Bosi akisoma hivyo afanye nini, ahuzunike? Andika hivi: "Ghalani, mbele ya rafu ya tatu, mafuta yanavuja kutoka kwenye foklifti. Wapakiaji wanapita hapo na mizigo kifuani, hawaoni chini. Leo nimemwaga mchanga na kuweka uzio. Fundi wa mitambo abadilishe sili (mpira wa kuzibia) ya bomba kabla ya Ijumaa." Sasa pana mahali, pana mtu anayeweza kuumia na namna atakavyoumia, lililofanywa papo hapo, mwenye kazi na siku. Usipojua jina la mwenye kazi, usitoke ofisini kwa meneja bila kulipata.

Angalia pia unachopendekeza. Ukiomba buti zisizoteleza kila mara mafuta yanapovuja, utaomba buti mpaka ustaafu. Kwanza ziba kinachovuja. Kama hakizibiki, badilisha mashine au njia ya kupita. Kinga ya mwilini ije mwisho, kwa hatari iliyobaki baada ya hapo.

Usipeleke orodha ya mambo thelathini yenye uzito mmoja. Yanayoweza kuua au kukata kiungo yaweke juu, peke yake, hata yakiwa mawili, na hayo usiyasubirishe ripoti: kazi isimamishwe hapo hapo, uandike baadaye. Ripoti ya mwezi ujao ianze na yaliyobaki wazi, kila moja na tarehe ilipoonekana mara ya kwanza. Usiifute tarehe hiyo. Meneja anayeona kwamba uvujaji wa mafuta una umri wa miezi tisa, na saini yake iko kwenye kila mwezi, huanza kuhesabu mambo mengine, ikiwemo atakachoulizwa siku mtu akianguka.

Nakala ipeleke kwa kamati ya usalama, na ibandikwe kwenye ubao wa matangazo ambapo wapakiaji wenyewe wataisoma. Kazi ikifungwa, usikubali kuambiwa imefungwa. Nenda na kitambaa cheupe, kipitishe chini ya lile bomba.