Lile ua la zambarau la kwenye miamba: mmeuliza, nawajibu

Dada wa Kiborloni, hapa Moshi, anauliza: nimenunua kaua ka zambarau, majani yana manyoya kama velveti, muuzaji anasema limetoka Ulaya, kweli?

Dada, umepigwa changa la macho. Hilo ni la kwetu, la milima ya Usambara. Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa ofisa wa kikoloni huko Tanga, ndiye alilipeleka kwao mwaka 1892, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliita Saintpaulia ionantha. Siku hizi wataalamu wamelihamishia kwenye ukoo wa Streptocarpus, ila jina la zamani bado linaeleweka.

Kaka wa Majengo: mbona Kilimanjaro haliko na mawe tunayo kibao?

Mawe tunayo ila mlima wetu ni kijana, volkano ya juzijuzi ukilinganisha na Usambara ambako mwamba ni wa kale mno na misitu imekuwa ikinyweshwa na Bahari ya Hindi tangu enzi na enzi. Ndugu zake wapo Uluguru, Nguru, na Taita kule Kenya, na wengine utawakuta kilima kimoja au viwili tu basi.

Mwanafunzi wa Arusha: linakulaje jiwe?

Halili jiwe bwana! Mizizi yake mifupi inashika kwenye kuvumwani, ule utando wa kijani unaoota juu ya mawe, kwenye nyufa zenye majani yaliyooza kiasi cha kiganja, upande wa jiwe ambao jua halifiki na maji yanachirizika taratibu. Sasa watu wanadhani likikaa kwenye mwamba liko salama kwa kuwa hakuna anayelima mwamba, kumbe roho yake iko juu, kwenye miti! Mtu akifyeka mwavuli wa msitu apande mahindi, lile jiwe linageuka kikaango, ukungu unakauka, ua linababuka, na hakuna aliyeligusa hata kwa jembe.

Mama wa Soweto: majani yana mabaka meupe, ni ugonjwa?

Ni maji baridi, mama. Usimwagie juu, tia kwenye sahani chini ya chungu yanyonye lenyewe, na uliweke mbali na jua la mchana. Langu la kwanza nilimwagia maji ya friji, acha tu.

Na aliyeuliza kama aende msitu wa Amani kule Usambara akang'oe moja: wee! Omba jani kwa jirani, chomeka kikonyo kwenye mchanga wenye unyevu, baada ya wiki kadhaa vichipukizi vinachungulia pale chini.