Jibu: Kupanga mwaka wa chekechea ya Kikristo nyumbani

Mama mwenzangu, umeuliza upangeje mwaka mzima kwa mtoto wa miaka 4. Usianze na ratiba ya saa kwa saa, utachoka kabla ya mtoto. Anza na hadithi za Biblia. Panga wiki 36 tu, zilizobaki ziachie homa na wageni. Kila hadithi wiki mbili, basi unahitaji 18. Tulipofika Uumbaji tulihesabu siku 7 kwa vifuniko vya chupa, tukaandika herufi U mchangani kwa kidole. Siku ya saba mwanangu akagoma kupumzika, eti yeye hajachoka! Kuzaliwa kwa Yesu kuangukie Desemba, kaburi tupu Pasaka. Kukaa mezani dakika 15 zinatosha. Mstari wa kukariri, mmoja kwa mwezi. Zaburi 23:1 hushikika upesi.