Kunguru wa chambo: kumchagua, kumrekebisha na kumweka mahali pake

Wengi wanaojenga mtego wa kunguru hapa Malindi humaliza pesa kwenye mbao na waya, halafu hutupa utumbo wa samaki ndani na kukaa kungoja. Watangoja sana. Chakula kimejaa kila mahali, kuanzia jaa la soko hadi ufukweni wanakopasua samaki, kwa hiyo kunguru hana njaa ya kumfanya ajiingize tunduni. Kinachomshusha ni kumwona kunguru mwenzake anakula bila wasiwasi. Ukimkosea huyo mwenzake, yaani ndege wa chambo, banda zima ni kuni.

Kwanza tuelewane ni kunguru yupi. Anayesumbua ni yule wa Bara Hindi, mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Unguja miaka ya 1890 na kuonekana Mombasa mwaka 1947. Ndiye anayenyakua vifaranga, kumaliza mayai ya ndege wadogo na kudonoa vidonda vya punda. Mwenye kifua cheupe ni mwenyeji wetu. Akiingia mtegoni mfungulie saa hiyohiyo. Na usitege kabla ya kupita ofisi ya KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) upate ruhusa, mkubaliane pia watakaonaswa watauawa vipi, kwa haraka na bila mateso. Sumu ya kujichanganyia nyumbani iache kabisa. Itaua paka wa mtaa na mwewe, na kunguru wawili watatu, kisha waliobaki hawatagusa tena chakula kinachofanana nayo.

Banda halina siri kubwa. Urefu mita 3, upana mita 2, kimo mita 2, fremu ya mbao za mbili kwa mbili, waya wa kuku wa inchi moja. Paa linateremka kutoka pande mbili ndefu kuja katikati mfano wa herufi V, na chini ya hiyo V unalaza ngazi, kiasi cha mita 1.2 kutoka ardhini. Nafasi kati ya kidato na kidato iwe sentimita 15. Kunguru hukunja mabawa akajidondosha. Akitaka kutoka inambidi ayafungue, nayo hayapiti. Ukiacha sentimita 25 atatoka kama alivyoingia. Ukibana hadi 10 atakaa juu ya paa anachungulia tu. Kwenye ncha mbili za ngazi ning'iniza vipande vya waya vya sentimita 30, maana wajanja hupanda kwa kucha kwenye pembe hizo. Mlango uwe wa kuingia mtu, na komeo lake la nje.

Sasa ndege wenyewe. Weka wanne au watano, si mmoja. Kunguru aliye peke yake ndani ya waya hulia kilio cha kuita msaada, na kilio hicho huleta kundi kubwa kweli, lakini la ugomvi: watazunguka juu, watapiga kelele, na hakuna atakayeshuka. Hapo ndipo watu hudanganyika. Wanaona mbingu imekuwa nyeusi wanadhani mtego unafanya kazi. Kundi linalokuja kuingia huja polepole, mmoja mmoja, hutua juu ya paa, hunyamaza, hutazama chini. Kimya ndicho unachokitaka.

Chagua ndege mzima, mwenye manyoya yaliyolala vizuri na mkia usiovunjika, na anayekula hata ukiwa umesimama hatua kumi kutoka bandani. Kinda usimweke. Analia kuomba chakula, na wakubwa wakimsikia wanakuja kumtetea. Majeruhi vilevile hafai: anayevuta bawa humwambia kila apitaye juu kwamba hapa pana hatari.

Wengine humkata ndege wa chambo manyoya ya bawa moja ili asirukie ngazi. Kata, lakini si bawa moja. Akikatwa upande mmoja anaruka akipinduka, anaanguka, na anaonekana mgonjwa. Chukua manyoya manne marefu ya nje katika kila bawa, uyakate juu kidogo ya pale yanapofunikwa na yale madogo. Tazama shina la nyoya kwanza. Likiwa jeusi na laini bado lina damu, usiliguse. Ndege aliyekatwa hivyo hurukia kijiti cha kulalia bila taabu, lakini muda mwingi yuko chini, na chini ndiko tunakotaka aonekane. Mfunge pete ya plastiki ya kuku mguuni, ya rangi isiyowaka, ili usije ukamtoa pamoja na wageni.

Maji yawe kwenye beseni pana wanaloweza kuogea. Kunguru anayeoga huvutia wenzake kuliko kipande chochote cha nyama. Kivuli nacho ni lazima: kuti mbili tatu juu ya pembe moja ya banda. Bila kivuli, jua la saa sita litakuachia mizoga, na mzoga mmoja ndani ya waya utakugharimu wiki nzima ya kuwazoesha upya. Chakula (utumbo, mahamri yaliyochacha, mayai) kiweke chini ya ngazi, angalau sentimita 60 kutoka kila ukuta. Kikikaa pembeni walioko nje watakivuta kupitia matundu ya waya na kushiba bure.

Shida ya anayeanza ni kwamba hana ndege hata mmoja wa kuweka. Hapo sanamu inasaidia, kwa siku chache tu. Malapa yaliyotupwa ufukweni yanatosha, na Lamu wamekwisha kuyatumia hata kwenye jahazi. Gundisha soli mbili kwa gundi ya viatu, chonga kwa kisu kikali hadi upate mwili wa sentimita 40 hivi, mkia ukiwemo. Kichwa kielekee chini, mdomo ukigusa ardhi. Sanamu iliyonyanyua kichwa ni sanamu ya ndege aliyeshtuka. Miguu ni spoku za baiskeli zilizochomekwa mchangani.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye rangi. Rangi ya mafuta nyeusi hung'aa, na kunguru akiiona inametameta juani hurudi njia aliyojia. Tumia rangi ya ubao wa shule, isiyo na mng'ao, au masizi yaliyokorogwa na gundi nyepesi. Shingo ipake jivu lililokorogwa na gundi hiyohiyo. Ukibahatika kuokota manyoya halisi, gundisha machache mgongoni ili upepo uyatikise. Wanaowinda njiwa Uingereza kwa sanamu za plastiki nao hukimbizana na tatizo hilohilo la mng'ao, na kanuni yao nyingine inafaa hapa: ndege hutua akikabili upepo. Basi wakati wa kusi sanamu zitazame kusini, kaskazi ikiingia zigeuze. Ziachane nusu mita hadi mita moja, na katikati pabaki uwazi wa kutua. Siku nne tano za mwanzo mlango uwe wazi, waingie, wale, watoke. Ukishapata ndege hai, zitoe sanamu zote. Kunguru huwa haamini jirani asiyeondoka mahali pake asubuhi hadi jioni.

Kutoa walionaswa ni kazi ya baada ya Magharibi, giza likiwa limeingia na walioko nje wamekwenda kulala. Jamii ya kunguru hukumbuka uso wa mtu, na atakayekuona mchana umemshika mwenzake atakufuata kwa kelele hadi mlangoni kwako. Kikoi kichwani si aibu. Watie kwenye sanduku lililofunikwa gunia, na usiwaue karibu na banda.

Kuna sanamu ya aina ya pili, na kuichanganya na ya kwanza ni kuharibu zote mbili. Mwenye mkahawa au meza ya samaki hataki kuwaita kunguru, anataka kuwafukuza. Huyo afanye kila kitu kinyume: sanamu ining'inie kichwa chini, mabawa wazi, bawa moja limevunjika, mkia umetawanyika. Ifunge kwa nailoni ya mshipi, mita 2 hadi 3 juu ya meza, na katikati ya uzi utie pete ile ya wavuvi inayozunguka ili upepo uigeuze. Isiyotikisika huzoeleka ndani ya siku chache. Ihamishe kila baada ya siku mbili, mara juu ya meza, mara kwenye mti, na kama meza haina samaki itoe kabisa uifiche. Inayoonekana kila siku huishia kuwa kituo chao cha kupumzikia. Kunguru halisi aliyekufa hufanya kazi vizuri zaidi, ila vaa glovu, na siku ya tatu mfukie, maana inzi wataikimbiza biashara kabla ya kunguru.

Kati ya sanamu hiyo na mtego wako ziwepo nyumba au miti ya kutosha, isionekane hata na ndege aliyeko juu ya paa la banda. Jirani akitundika yake mahali panapoonekana kutoka mtegoni, mwombe aisogeze au uhamishe banda. Banda lililofungwa kwa misumari minne ya pembe hubebwa na watu wanne.