Ticha wa Urambo, achana na dole gumba kabla hujaingia darasani Jumatatu

Madam, achana na hilo la dole gumba. Nimesoma swali lako lote: umepangiwa hisabati darasa la tano, watoto wamejaa mpaka wengine wanakaa wanne dawati moja, unatafuta njia za haraka za kujua kama wameelewa kabla kipindi hakijaisha. Halafu ukamalizia kwamba semina mliyopewa imewafundisha dole juu ni nimeelewa, dole la kulala ni nusunusu, dole chini ni sijaelewa, na kwamba umeipenda sana. Hapo ndo nimeshindwa kupita kimya, maana na mimi nilipewa hiyohiyo huku Kasulu na ikala muhula mzima wa watoto wa watu.

Ngoja nikueleze inavokwenda. Siku ya kwanza utafurahi. Darasa zima linanyoosha, madole juu, mengine chini, wewe unaona kama umepata dawa. Ila watoto wana akili. Wanaona haraka tu kwamba anayeweka dole chini anafuatwa, anaulizwa, darasa linageuka kumwangalia, na hakosekani mmoja wa kucheka nyuma. Na tusidanganyane, mtoto aliyelelewa vizuri huku kwetu hamwambii mkubwa usoni kwamba ulichoongea nusu saa nzima hakijaingia, anaona ni kukosa adabu. Kwa hiyo baada ya muda mfupi madole yote yanakwenda juu, hata ya wale waliokuwa wanaangalia mvua dirishani. Ni ileile "mmeelewaaa?" "ndiyoooo!" ya siku zote, tofauti yake hii ya sasa haina sauti.

Mimi nikaenda nayo. Mada ya sehemu, zile nusu na robo, madole juu, tukavuka. Desimali, madole juu, tukavuka tukaingia asilimia. Silabasi inakimbia, mwalimu mkuu kafurahi. Ukaja mtihani wa ujirani mwema, ule wa pamoja na shule za jirani, swali linasema panga kuanzia ndogo kwenda kubwa: 0.4, 0.35, 0.125. Nasahihisha naona karibu wote wameziacha vilevile zilivokuja kwenye swali, 0.4 kwanza, 0.125 mwisho. Nikadhani wameigiliziana. Nikaenda kufungua madaftari yao ya nyuma kimoja kimoja. Kuna binti mmoja mwandiko wake msafi, mistari kaipiga kwa rula, yule wa kuinua madole mawili kwa mpigo. Pembeni ya ukurasa kaandika kwa penseli, vidogo vidogo: 4, 35, 125. Kafuta sifuri, kafuta nukta, kabakiwa na namba nzima anazozijua tangu darasa la kwanza, akazipanga vizuri kabisa. Kwa namba nzima kapata. Kwa desimali kapindua swali lote.

Nikamwita, nikamuuliza mbona siku zote unaweka dole juu? Akanijibu, "Mwalimu, nilijua nimeelewa."

Lisome tena hilo jibu tafadhali. Hakudanganya. Kichwani kwake alikuwa na kanuni inayofanya kazi, majibu yanatoka, kwa nini aweke dole chini? Mtu aliyeelewa vibaya anajisikia sawasawa na aliyeelewa vizuri, na wewe ukimuuliza anajisikiaje utapata jibu la kweli ambalo halikusaidii chochote.

Na gharama yake ilikuwa kubwa bana. Asilimia yote ikaporomoka kwa sababu imejengwa juu ya desimali, 0.4 wakiitwa waibadilishe wanaandika asilimia 4. Nikarudi nyuma mada mbili, tukasoma Jumamosi kipindi ambacho wenzao wako shamba la maharage na wazazi wanawahitaji, wengine hawakuja kabisa, na hao wamekwenda la sita na kile kidonda. Mtoto akifika darasa la saba anaamini 0.125 inaizidi 0.4 hakuna atakayemuuliza tena polepole, anayemuuliza ni NECTA, baraza la mitihani la taifa.

Sasa yule mwezeshaji wetu. Mtu kaja na projekta, picha za darasa la watoto ishirini wamekaa kwenye zulia, kasema hii ni njia iliyothibitika. Mwenzetu mmoja akauliza, je mtoto akiamini ameelewa kumbe hajaelewa? Akajibiwa "tutalifikia hilo mchana." Mchana tukajaza fomu za posho tukaondoka. Mi sina ugomvi na semina, zipo nilizotoka nimejifunza, lakini mtu unayesimama kufundisha walimu ambao tangu elimu bila malipo ianze 2016 madarasa yamefurika, ukiulizwa swali kama lile ulijibu palepale, kwa sababu wanaolipia ni watoto ambao hukuwaona na hutawaona.

Sasa shika hili moja, mengine yote yaache ukitaka: USIMUULIZE MTOTO KAMA AMEELEWA. Mpe kitu cha kufanya, kila mmoja peke yake, wote kwa wakati mmoja, ukione kwa macho yako kabla hujageukia ubao tena.

Kwa darasa lako mi ningetumia vidole. Andika ubaoni: ipi kubwa kuliko zote? 1) 0.3 2) 0.62 3) 0.125 4) 0.09. Wape muda, waambie wainamishe vichwa wafumbe macho, ukihesabu tatu kila mtu aweke vidole vya jibu lake kifuani, asiinue juu, kwenye dawati la watu wanne mkono ukiwa juu tu jirani ameshaiba. Unapita na macho mstari kwa mstari, dakika haiishi umeliona darasa zima.

Lakini ujanja hauko kwenye vidole, uko kwenye kuchagua hizo namba, na hapa naomba ukae kidogo. Anayeonyesha vitatu anasoma kama namba nzima, kwake 125 ndo kubwa, huyo ni yule binti wangu. Anayeonyesha kimoja ana ugonjwa mwingine, amesikia kwamba sehemu ya elfu ni ndogo kuliko sehemu ya kumi akahitimisha kwamba desimali fupi ndo kubwa siku zote. Vinne anatafuta tarakimu kubwa, kaona 9 kaikimbilia, hajali imekaa nafasi gani. Umeona? Kila kosa lina kidole chake, unajua wa kumsaidia nani na kwa lipi. Linganisha na swali la ule mtihani, 0.4, 0.35, 0.125. Ungeuliza ipi kubwa hapo, yule wa "fupi ndo kubwa" angesema 0.4 akapata vema kabisa na kanuni yake mbovu mfukoni. Swali ambalo mtoto anaweza kupata kwa sababu ya kijinga usilitumie kupima. Mi saivi muda mwingi wa maandalizi unaishia kwenye hilo swali moja, lengo na zana nazimaliza haraka.

Halafu subiri. Kuna mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, miaka ya 70 alikuwa anarekodi vipindi vya walimu kwa kanda, akakuta wengi wakiuliza swali wanasubiri kama sekunde moja tu ndo wanamchagua mtu au wanajibu wenyewe. Wakisubiri sekunde tatu na kuendelea, majibu ya watoto yanakuwa marefu na wasioongeaga wanaanza kuongea. Nasi tunavokimbilia wale wa "mwalimu mimi! mwalimu mimi!" wanaopiga vidole ta ta ta kule mbele, hao ni walewale sita kila siku, darasa lililobaki limeshajua haliitwi.

Wakikosa wengi usirudie maelezo yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Mi niliazima futi ya fundi cherehani. Mita 0.3 ni sentimita 30, 0.62 ni 62, 0.125 ni kumi na mbili na nusu, 0.09 ni tisa. Mtoto akishika futi kwa mkono wake akaona 0.125 inaishia wapi, ubishi unaisha. Baadaye uliza tena kwa namba nyingine, vidole tena.

Vibao vidogo navyo vizuri ukipata mabaki ya plaiwudi kwa seremala, unapaka rangi nyeusi ya ubao, chaki unavunja vipande, wanaandika wanainua, unaona mpaka njia aliyopita. Vikaratasi vya mwisho wa kipindi, kila mtoto anajibu swali moja anakuachia akitoka, pia sawa, ila kwa idadi yako usisahihishe, gawa tu mafungu matatu, waliopata, waliokosa kidogo, waliopotea, ukaanze nao kesho.

Jaribu hiyo ya 0.3 na 0.62 Jumatatu, usibadilishe namba, halafu rudi hapa utuambie walionyesha vitatu wangapi.