Tableti imepinda kidogo: niinyooshe kwanza au niiuze hivyo hivyo?

Swali: Fundi, jambo. Mimi ni mwalimu hapa Kadutu, Bukavu. Nina iPad Pro ya inchi 11, toleo la 2018. Ilibanwa na vitabu ndani ya begi nikiwa kwenye pikipiki, ikapinda kidogo katikati. Inafanya kazi vizuri. Nataka kuiuza, na jirani ananishauri tuiwekee mawe mazito juu usiku kucha inyooke. Tufanye hivyo?

Jibu: Jambo sana, Mwalimu. Mawe yaacheni nje.

Tableti hiyo ina unene wa milimita 5.9 tu, na mgongo wake ni alumini. Alumini ikishapinda, ukiilazimisha kurudi haikutii sawasawa, na nguvu yote inaishia kwenye kioo, ambacho hakijui kupinda. Kioo chenyewe kimegandishwa na skrini, kwa hiyo kikipasuka utalipia vyote viwili. Nyuma yake imelala betri ya lithiamu, ambayo ikikunjwa vibaya inaweza kushika moto. Tuseme unataka dola 200, mnunuzi akaona ule mpindo akakata 30. Inauma, lakini ni afadhali kuliko kubaki na spea mkononi.

Kabla ya kutaja bei, hakikisha mpindo umetoka nje kweli, si ndani. Betri iliyovimba nayo huipindisha tableti, na watu wengi husingizia begi. Tazama ukingoni: kama skrini imeinuka kutoka kwenye fremu, au mgongo umetuna, usiichaji tena, usiibonyeze, wala usimuuzie mtu. Mpelekee fundi anayejua kutoa betri. Hapo ndipo matengenezo yana maana, hata kama faida itapungua.

Kama betri ni nzima, ilaze juu ya kipande cha kioo cha dirisha, uchomeke karatasi za kawaida za fotokopi pale palipo na uwazi. Mwanzoni mwa 2019 Apple ilisema kwamba kwa modeli hizo ukingo hautakiwi kuachana na mstari ulionyooka kwa zaidi ya mikroni 400, yaani milimita 0.4, karibu karatasi nne. Zikiingia nane, mnunuzi ataliona tatizo kabla hujafungua mdomo, basi lisemeni wenyewe mapema na umtumie picha ya ubavuni.

Kisha jaribu vitu ambavyo mpindo huviharibu kimyakimya. Fungua picha nyeupe tupu utafute madoa. Shika aikoni moja uiburute polepole skrini nzima. Ikidondoka mahali pale pale kila mara, mguso umekufa hapo. Kama una kalamu yake, ibandike ubavuni uone kama inachaji, maana upande huo ni mmojawapo wa sehemu dhaifu. Rekodi sauti pia.

Siku ya kuuza, ichaji mapema, usitegemee umeme wa saa ya mwisho. Mwache mnunuzi aijaribu ikiwa hai. Akishahesabu pesa, toka kwenye akaunti yako ya Apple na uzime huduma ya kutafuta kifaa, ndipo ufute kila kitu mbele yake. Kazi hiyo inataka intaneti, kwa hiyo uwe na mega za kutosha kwenye simu, la sivyo atarudi kesho akisema umemuuzia tableti iliyofungwa.