Nikilala bado nasikia kengele ya jikoni

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni mhudumu kwenye mgahawa, jina naomba nisitaje. Kazi yenyewe naipenda ila naona inanimaliza. Tunafunga saa 6 usiku, mpaka tufagie na kupiga hesabu ni saa 7 hiyo, halafu ratiba inataka saa 12 asubuhi niwe nimeshafika kufungua. Chakula kikichelewa mteja ananifokea mimi, nikienda jikoni shefu naye ananifokea, nikirudi mezani natakiwa nicheke. Juzi nilijifungia stoo nikalia, nikanawa uso nikatoka na sahani. Usiku nikilala nasikia ile kengele ya oda tayari, nashtuka. Wenzangu wanasema ndo kazi zilivyo, kaza. Je mimi ni mlegevu au niache kazi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ulegevu mimi sijauona hapo, nimeona ratiba mbovu. Hebu piga hesabu, saa 7 usiku mpaka saa 12 asubuhi ni masaa 5, toa njia ya kwenda na kurudi, toa kuoga, unalala masaa mangapi? Mtu mzima anahitaji angalau 7. Nchi za Umoja wa Ulaya sheria yao inataka mfanyakazi apumzike masaa 11 mfululizo kila siku, wewe hata nusu hupati, sasa hapo nani asilie stoo?

Halafu kuna hili la kufokewa. Mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek alionyesha kwamba kinachomchosha mtu zaidi ni pale kazi inapokuwa nzito na yeye hana usemi wowote juu yake. Ndo wewe kabisa. Hupiki, hupangi nani akae meza gani, ratiba unabandikiwa tu ukutani, ila lawama zote zinapita kwako. Na huko kucheka usichokisikia nako ni kazi, mwanasosholojia Arlie Hochschild aliliandika hilo mwaka 1983 baada ya kuwachunguza wahudumu wa ndege, kwa hiyo usione aibu kuchoka uso kama unavyochoka miguu. Mkubaliane na mwenzio, aliyetukanwa na meza fulani apokewe hiyo meza, aende nyuma akanywe maji kidogo.

Cha kwanza lakini ni ratiba. Mfuate meneja muda ambao hakuna wateja (usithubutu wakati oda zimejaa, utajibiwa vibaya bure) umwombe kitu kimoja tu, anayefunga usiku asifungue asubuhi. Nenda na majina kabisa, nani yuko tayari mbadilishane, maana meneja wengi wanakataa kwa sababu wana uvivu wa kupanga upya. Shirika la Kazi Duniani lina mkataba wa 1991 unaohusu mahoteli na migahawa, unasema inapowezekana wafanyakazi wajulishwe ratiba mapema ili wapange maisha yao. Nchi zilizouridhia ni chache so usiende kumtishia nao bosi, ila ujue huombi fadhila.

Akikataa, anza kutafuta kwingine kimya kimya huku unaendelea kulipwa. Kuacha leo bila pa kwenda siungi mkono, stresi ya kodi nayo ni stresi. Na kama hata siku za ofu unashtuka usingizini na unalia, nenda hospitali ukaongee na daktari, usisubiri uanguke na trei.

SWALI: Anti mimi niko jikoni, baada ya shifti siwezi kulala bila bia kadhaa. Kuna ubaya?

JIBU: Upo. Pombe inakupa usingizi haraka ila inauvuruga baadaye, ndo maana unaamka alfajiri umechoka kuliko ulivyolala, kisha unashindilia kahawa siku nzima. Na kahawa unayokunywa jioni, masaa 5 baadaye karibu nusu ya kafeini bado iko mwilini, so unajizungusha mwenyewe. Anza na kahawa, ya mwisho iwe kabla ya oda za jioni hazijaanza. Bia nayo punguza taratibu, na kama ulikuwa unakunywa nyingi kila siku usikate ghafla, mikono ikitetemeka au jasho likikutoka ukikosa, hiyo ni ya daktari sio ya anti.