Tiyo ya kupoza mafuta ya direksiyo inavuja: niiondoe au niitengeneze?

SWALI: Salamu, fundi. Niko na kamio ya zamani ya tani 5, inapiga njia ya Bukavu–Uvira. Ile tiyo iliyokunjwa mbele ya radiatere, inayopoza mafuta ya direksiyo (ya usukani), inavuja penye kishikio. Kila siku mbili naongeza karibu nusu lita. Mekanisiye mmoja anasema tuiondoe, tufunge diriti (bomba la mpira) moja kwa moja hadi rezervuari. Mwingine anataka kuichomea. Nimfuate nani? — Shofa, Kadutu

JIBU: Ndugu shofa, wa kwanza usimfuate, na kwa njia yako hiyo hasa. Kwenye kona za mlima wa Ngomo kamio imejaa mzigo, inakwenda polepole, na volan (usukani) inazungushwa kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kupumzika. Hapo ndipo pompi inasukuma kwa nguvu kubwa kuliko wakati wowote, na nguvu hiyo inageuka kuwa joto ndani ya mafuta. Ukiondoa tiyo ya kupoza, gari litatembea na kwa siku chache hutaona kitu. Kisha mafuta yataungua na kuwa meusi, sili (mipira ya kuzuia uvujaji) zitakauka, pompi itaanza kulia. Diriti ya moja kwa moja ikufikishe nyumbani tu.

Tiyo hiyo iko upande wa marudio: mafuta yametoka kwenye boksi la direksiyo yanarudi rezervuari, presha ni ndogo. Ndiyo maana unaweza kuiunga kwa diriti na kolye (pete ya chuma ya kubana diriti). Tiyo inayotoka kwenye pompi kwenda kwenye boksi ni jambo lingine kabisa. Presha yake inaweza kupita bar 100. Hiyo haiungwi kwa kolye hata siku moja, na usipapase kutafuta tundu lake kwa mkono injini ikiwaka: mafuta ya presha ile yanapenya ngozi. Tumia kipande cha karatoni.

Kabla ya kukata, osha sehemu yote kwa sabuni, kausha, washa injini, mwenzako azungushe volan. Tazama mafuta yanaanzia wapi, kwa sababu upepo wa feni huyasambaza mbali na tundu.

Kuhusu kuchomea: weka sumaku. Isiposhika, huenda ni aluminiamu, ibadilishe tu. Ikishika ni chuma, na kinaweza kuungwa kwa gesi na shaba ya njano, baada ya kuiondoa kwenye gari, kuiosha ndani na kuacha ncha zote mbili wazi. Posti ya umeme (mashine ya kuchomea kwa umeme) itaitoboa zaidi, kwa kuwa chuma chake ni chembamba. Lakini penye kishikio kutu huwa imekula pande zote za tundu. Ukiziba hapa, itatoboka pembeni. Gundi ya kuchanganya nayo haivumilii joto na mafuta kwa pamoja.

Mimi ningekata sehemu iliyooza yote, hadi kufikia chuma kizima, kisha niunge kwa diriti. Kata kwa kikata-tiyo cha gurudumu. Msumeno unaacha unga wa chuma ambao utaishia kwenye pompi. Ncha zipanuliwe kidogo kwa chombo kile cha tiyo za breki, zipate ukingo wa kuzuia diriti isichomoke. Diriti iingie milimita 25 hadi 30 kila upande, kolye ikae nyuma ya ukingo. Usiikaze hadi iume mpira. Tiyo ya milimita 10 kwa nje inataka diriti ya milimita 10 kwa ndani. Kama kutu iko sehemu nyingi, kunja tiyo mpya ya chuma yenye kipimo na urefu uleule. Shaba nyekundu iache, mtikisiko unaipasua.

Kosa ninaloomba sana uepuke ni kufunga diriti ya maji. Mpira wake unanyonya mafuta, unavimba, unalainika, kisha unachomoka njiani. Soma maandishi ubavuni: tafuta NBR (mpira unaovumilia mafuta), au alama za diriti za mafuta SAE 100R6 au SAE J1532.

Kishikio nacho kirudishiwe mpira. Chuma kikisugua chuma, utarudi palepale. Kipande cha diriti ya zamani kilichopasuliwa kwa urefu kinatosha.

Nunua lita 3 za mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha rezervuari. Kamio nyingi hutumia ATF nyekundu (mafuta ya giaboksi otomatiki). Mafuta ya breki yanaua sili. Badilisha na filta iliyo ndani ya rezervuari, maana ikiziba inapandisha presha ya marudio na kuchomoa diriti mpya. Inua magurudumu ya mbele, injini ikiwa imezimwa, zungusha volan polepole kutoka mwisho hadi mwisho mara 15 hivi huku ukijaza. Ndipo uwashe, urudie. Usiishikilie mwishoni zaidi ya sekunde 5. Mafuta yakiwa na povu, bado kuna hewa: zima, subiri, rudia. Baada ya kilomita 50 angalia kolye tena.

Ikiwa kila kitu ni kikavu na mafuta bado yanapungua, chomoa kijiti cha mafuta ya injini. Pompi inayozungushwa na gia, sili ya shafti yake ikifa, humwaga mafuta ndani ya injini, na utaona kipimo cha mafuta ya injini kikipanda kwenye kijiti.